Rogath Mfinanga: Miaka Thelathini na Moja ya Kugawa Nyumba za Watu

Ijumaa ya tarehe 27 Machi 2026, Mzee Rogath Mfinanga, Msuluhishi Mwandamizi wa Kituo cha Usuluhishi Tuelewane hapa Same, anastaafu baada ya kututumikia kwa miaka thelathini na moja. Alianza kazi mwaka 1995 akiwa kijana mwembamba aliyevaa suruali pana. Anaondoka na suruali zilezile, ila sasa zinamtosha.

Kwa wageni wa sherehe wasioijua kazi yetu, tueleze kidogo. Wanandoa wakishindwana, kabla hawajafika mahakamani hupitia kwetu. Tunawauliza kama kweli wameshindwana. Wakisisitiza kwamba ndiyo, tunawasaidia waelewane kuhusu watoto, shamba na nyumba. Watoto wana miguu, wataenda kwa baba na kurudi kwa mama. Shamba lina mipaka, na majirani wanaijua kuliko wenyewe. Nyumba ndiyo inayotutoa jasho. Haitembei, haikatiki, na kila mmoja anakumbuka siku alipoipaka chokaa huku mwenzake amelala. Watani wetu wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Hatubishi. Tunawaomba tu wamfikirie Mpare huyohuyo anapodai sebule.

Mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu ni Aneth Msuya, msuluhishi pia, na meza yangu imetazamana na ya Mzee Rogath kwa miaka kumi na minne. Nimekunywa chai yake na nimezisikia hotuba zake. Mzee mwenyewe aliomba ausome wasifu kabla haujachapwa, akaupinga katika maeneo kadhaa. Kamati ya sherehe ilimsikiliza kwa heshima zote, ikamshukuru, ikauacha kama ulivyo.

Mzee Rogath alizaliwa Vudee mwaka 1966, katika familia ya wakulima wa mahindi na maharage. Alisomea ustawi wa jamii, akaimba besi katika kwaya ya usharika wao, na kwa kipindi kifupi alifuga nyuki ambao baadaye walihama wenyewe bila kutoa sababu. Alipofika kituoni kwetu alikuwa na sifa tatu: sauti nzito, subira, na imani kwamba hakuna jambo duniani lisiloweza kumalizwa kwa kikao. Sifa hii ya tatu ndiyo iliyomjenga, na ndiyo iliyomponza, kama tutakavyoona.

Makosa yake ya mwanzo yalikuwa ya mtu yeyote aliyekulia mlimani. Kwetu huko kila kitu kina juu na chini. Jirani wa juu, jirani wa chini, shamba la juu, kanisa la chini. Hata ukiwa jikoni, sufuria huwekwa upande wa juu ili mchuzi usimwagikie chini, maana sakafu yenyewe imefuata mteremko. Basi mwaka wake wa pili kazini akatumwa kuwagawia nyumba wanandoa wa Kileo, ambako ardhi imelala tambarare na maji ya mvua hukaa siku nzima yakifikiri pa kwenda. Kwa moyo mweupe akaandika kwamba mke achukue upande wa juu na mume achukue upande wa chini. Wote wawili wakasaini. Wiki iliyofuata mke alileta fundi akaanza kung'oa mabati, kwani ndiyo yaliyokuwa juu. Mume akaketi kwenye msingi na panga, akilinda haki yake. Mzee Rogath alifunga safari akawaeleza kwamba alikuwa na maana ya upande wa mlimani, wakamwuliza mlima upi. Tangu siku hiyo kituo chetu huandika mashariki na magharibi, na mabati yalirudishwa yote isipokuwa mawili.

Kule Jipe alifanikiwa zaidi. Bwana Rodrick na Bi. Jenifer waligawana nyumba yao ya karibu na ziwa kwa makubaliano yenye kifungu ambacho Mzee Rogath alikipenda sana: kila mmoja atawapokea wageni wa upande wake bila kumsumbua mwenzake. Kilikusudiwa kuwazuia mashemeji. Asubuhi moja kiboko akatoka ziwani, akapanda baraza ya Bwana Rodrick na kusimama mbele ya mlango wake akitafuna mabua ya mahindi. Bwana Rodrick akagonga mlango wa kati, akiomba apite upande wa mke ili atoke nje. Bi. Jenifer alijibu kwa utulivu kabisa, "Huyo si mgeni wangu. Mpokee." Kiboko alimaliza mabua, akarudi zake ziwani. Bwana Rodrick alikuja kituoni kushtaki. Mzee Rogath alikisoma kifungu mara mbili, akatoa miwani, akamwambia kwamba makubaliano yamefanya kazi vizuri.

Lakini uvumbuzi wake mkubwa ni kamba. Aliona kwamba wanandoa husaini wakiwa na hasira, wakifika nyumbani hawajui walichosaini. Akaamuru kwamba kabla ya kusaini, wakaishi wiki moja na kamba ya katani iliyotandazwa sakafuni kufuata mgawanyo wanaoutaka. Kamba inatoka kituoni na inarudishwa kituoni. Wengi waliirudisha na madai yao yamepungua nusu. Pale mjini Same, Bwana Vitus na Bi. Yudith waliweka kamba yao sebuleni kwa umakini mkubwa, mwishowe televisheni ikabaki kwa mume na rimoti ikabaki kwa mke. Mume akatazama wiki nzima vipindi vya mapishi bila sauti. Walipokuja kurudisha kamba Bi. Yudith alikuwa anacheka mpaka anashindwa kukaa kwenye benchi, na mume alikuwa amejua kupika pilau. Hawakurudiana, tusidanganyane. Ila waliuza nyumba kwa amani, na Mzee Rogath alipelekewa sahani ya ile pilau hapahapa ofisini.

Niseme na jambo moja bila mzaha, maana mtu huyu anastahili. Katika ile miaka ya mwanzo, wanaume wengi walikuja kituoni wakiwa na hati ya kiwanja mkononi na jibu mdomoni: nyumba ni yangu, mwanamke huyu alikuja na sanduku. Mzee Rogath hakuwahi kubishana na hati. Alimwacha mtu amalize, kisha anauliza swali moja kwa sauti yake ya besi, "Nani alibeba mchanga?" Mtu anaikunja hati yake. Kwa sababu milimani mchanga haujileti wenyewe. Hutoka mtoni kwa ndoo, kichwani kwa mwanamke, akiwa na mimba au mtoto mgongoni, na kupanda njia ambayo hata mbuzi huifikiria mara mbili. Kutoka hapo mazungumzo yalianza upya. Wako akina mama wengi leo, kuanzia Vudee hadi ziwani, wanaolala kwenye nyumba walizozijenga kwa vichwa vyao kwa sababu ya swali lile. Sisi wengine tuliokuja baadaye tumelirithi, na tunaliuliza kila wiki.

Sasa tuje kwenye nyumba ya Mzee Rogath mwenyewe, eneo ambalo alilipinga zaidi katika wasifu huu.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mzee Rogath alimwoa Bi. Dorkas mwaka 1990, wakajaliwa watoto watatu na nyumba ya matofali ya kuchoma kule Vudee. Bi. Dorkas ni mtu wa vitendo, mkulima hodari, mwenye maneno machache. Na mume wake alikuwa anarudi nyumbani na kazi. Chumvi ikizidi kwenye mboga, kikao. Mbuzi akila nguo, kikao, chenye sala ya kufungua, na mbuzi akielezwa haki zake. Kila mtu apewe nafasi, mwenye hoja anyooshe mkono. Mwaka 2007 Bi. Dorkas alinyoosha mkono. Akapewa nafasi. Akasema, "Baba Filemoni, mimi niliolewa na mume. Sikuolewa na baraza." Mchungaji alijaribu, wazee wa pande zote mbili walijaribu, ikashindikana. Waliachana kisheria, bila matusi, kwa huzuni ya watu wazima.

Makubaliano ya nyumba aliyaandika Mzee Rogath kwa mkono wake, na alikataa kusaidiwa. Bi. Dorkas na watoto wabaki nyumbani. Yeye apange chumba huku Same, na siku atakapostaafu arudi Vudee kuishi katika nusu yake, mradi kwanza ajenge ukuta wa kutenganisha nusu hizo mbili. Katika mgawanyo alipigania dirisha. Ni dirisha la sebule linalotazama bonde lote, na ukikaa hapo unaona malori yakipita barabara kuu huko chini, madogo kama punje za mtama. Alilipenda dirisha lile tangu siku fundi alipolipachika. Alijiandaa kubishana wiki nzima. Bi. Dorkas alisema tu, "Chukua." Kisha akasaini upesi kuliko mtu yeyote aliyewahi kusaini kwenye kituo chetu. Mzee Rogath alisimulia ushindi ule kwa miaka. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mke alikuwa na haraka.

Miaka ikapita. Watoto wakakua, wakaoa na kuolewa. Mzee Rogath alikuwa anapanda Vudee kwenye misiba na ubatizo wa wajukuu, anasalimia, anakaa kwenye benchi la nje, anakunywa uji, anashuka. Ndani hakuingia. Makubaliano yalimtaka asubiri, na yeye ni mtu wa makubaliano. Lakini huku ofisini alikuwa na wimbo mmoja: nikistaafu, nitakaa dirishani pangu. Wageni wakituuliza huyu mzee anatamani nini, tulijibu bila kufikiri.

Januari mwaka huu akaitisha msaragambo. Kwa wageni kutoka mbali, msaragambo ni kazi ya pamoja ya kijiji: zamani ilipigwa pembe, siku hizi unatumwa ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la kitongoji na watu wanaokuja ni walewale. Sheria yake ni ya kale na haina kikao. Ukiwaita watu kukufanyia kazi, wewe ndiye unayewalisha. Mzee Rogath akatangaza kwamba makande atapika mwenyewe, ili ionekane kwamba anaanza maisha mapya kwa kujitegemea. Bi. Dorkas alimwachia jiko la nje na sufuria kubwa, akaketi uani kupukuchua mahindi. Alimwuliza kama ameyaloweka maharage. Akajibiwa kwamba jambo hilo limezingatiwa.

Watu walikuja wengi, kwa mapenzi na kwa umbea. Fundi Kassimu akapiga uzi sebuleni kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kama karatasi ilivyosema. Wanaume wakapanga matofali, akina mama wakaleta maji na udongo. Mzee Rogath alisimama ndani ya nusu yake, karibu na dirisha lake, akielekeza kwa kidole. Alikuwa amevaa tai. Ukuta ukapanda: gotini, kiunoni, kifuani. Kazi ilikwenda vizuri mno. Mchana ulipofika, mtu akapaza sauti kwamba makande yanaungua.

Mzee Rogath akageuka atoke kwenda jikoni. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akatazama nyuma. Mimi niliyekuwapo kwa niaba ya ofisi niliona mwiko wa Fundi Kassimu ukisimama hewani. Nusu ile ilikuwa na dirisha, na chumba, na ndoano ya kofia. Mlango haikuwa nao. Mlango wa nyumba ile ni mmoja, na ulikuwa upande wa pili wa ukuta, kwa Bi. Dorkas.

Mtu aliyegawa nyumba za watu kwa zaidi ya robo karne, aliyewapa wengine milango, mabaraza na hata njia ya kuku, alikuwa amejisahau mwenyewe. Alikuwa analitazama dirisha.

Walimvuta kumpitisha juu ya ukuta. Fundi Kassimu alishika mikono, vijana wawili walisukuma kutoka nyuma, na udongo mbichi ukachora mstari mrefu kwenye suruali yake. Makande yalikuwa yameungua chini, na juu maharage yalikuwa mabichi, magumu, yakilia mdomoni kama kokoto. Hakuna aliyelalamika. Watu walikuwa na jambo bora zaidi kuliko chakula. Walikuwa na kesi.

Hapo ndipo msaragambo ulipogeuka baraza. Mmoja akasema mlango utobolewe nyuma. Wakaenda kuangalia: nyuma ya nyumba ni kingo ya mlima, ukitoboa unakutana na udongo wa shamba la jirani wa juu. Mwingine akasema dirisha lifanywe mlango. Wakachungulia: chini ya dirisha ardhi imeanguka urefu wa watu wawili, hadi kwenye migomba ya jirani wa chini, naye akasema wazi kwamba hataki watu wadondokee migomba yake. Mmoja akapendekeza ngazi. Mzee mmoja akauliza kama Rogath hawezi kuzoea kukaa ndani tu. Hakuna tofali lingine lililowekwa siku ile. Na Bi. Dorkas, aliyelijua jambo hili tangu siku aliyosaini, aliendelea kupukuchua mahindi, na mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Nilidhani analia. Nikasogea kumfariji nikakuta anacheka.

Tulicheka sote, ofisi nzima, kwa juma zima. Kisha tukaacha kucheka, kwa sababu Mzee Rogath hakucheka.

Februari yote alikuwa mnyonge. Chumba alichopanga mjini tayari kilikuwa kimepata mpangaji mwingine kuanzia Aprili. Mtoto wake Filemoni alimkaribisha Dodoma, mzee akamshukuru, akakataa. Hakutaka nyumba nyingine. Alitaka ile. Na kwa karatasi aliyoiandika mwenyewe, siku ya kustaafu angekuwa na nusu ya nyumba asiyoweza kuingia. Nilimwona akiandika mapendekezo ya marekebisho, akiyachana, akiandika tena. Mtu aliyewaambia maelfu ya watu "sema unachotaka, mwenzio si mganga" alikuwa hawezi kunyanyua simu kumpigia mwanamke aliyezaa naye watoto watatu. Niliumia kumwona hivyo. Na ilikuwa inaniudhi pia, nisifiche.

Basi tukafanya tunachokijua. Mwanzoni mwa Machi tukaliandikisha shauri lake kama mashauri mengine, tukamwita Bi. Dorkas, na Mzee Rogath akaketi kwenye benchi la wateja kwa mara ya kwanza maishani. Mimi ndiye niliyekuwa msuluhishi. Bi. Dorkas aliingia na kanga mbili na mwavuli, akitoka mvuani. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi upande wa pili wa benchi. Kabla sijafungua mdomo, Mzee Rogath akawakaribisha wote, akatambulisha dhumuni la kikao na kuomba simu zizimwe.

"Ndiyo hayo," Bi. Dorkas akaniambia.

Nilimwomba Mzee Rogath anyamaze, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Kisha nikampa nafasi aeleze ombi lake. Akaanza na historia ya makubaliano. Akaja kwenye kifungu cha nne, akakilinganisha na cha sita. Akataja uwezekano wa haki ya njia, kwa kipindi cha majaribio, kwa saa maalumu. Alizungumza vizuri sana, na sikuelewa anataka nini. Bi. Dorkas alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia, si mimi, yeye.

"Baba Filemoni. Unataka nini?"

Mzee Rogath alimtazama. Akavua miwani akaishika. Ile sauti ya besi ilipotoka ilikuwa nyembamba.

"Nataka kurudi nyumbani," akasema.

Bi. Dorkas aliulaza mwavuli wake sakafuni. Nje mvua ilikuwa inapiga bati. Kisha akasema maneno ambayo nimeomba ruhusa yake kuyaandika hapa, naye ameniruhusu mradi nisiyapambe.

Alisema ukuta ubaki pale ulipofika. Usiongezwe tofali hata moja. "Akikaa simwoni. Akisimama namwona. Akitaka kuonekana, ainuke afanye kazi." Alisema Fundi Kassimu aondoe matofali ya mwisho upande wa mlangoni, ipatikane nafasi ya mtu mmoja kupita, na akizidi kunenepa ni shauri yake. Mlango utakuwa wa wote wawili, lakini ufunguo ni mmoja, na atakaa nao Bi. Dorkas mwenyewe. Maharage yalowekwe usiku, bila mjadala. Na ndani ya nyumba ile ni marufuku kuitisha kikao, cha kawaida au cha dharura.

Nikamwuliza, kama taratibu zetu zinavyonitaka, kama maana yake ni kwamba wanarudiana. Akaniangalia vizuri.

"Sijamrudia," akasema. "Nimemkaribisha. Hayo mengine hayakuhusu, mwanangu."

Mzee Rogath alisaini bila kusoma. Kwa watu wanaomfahamu, hilo ni jambo kubwa kuliko mengine yote niliyoyaeleza hapa. Kisha akatoa leso, akasema ofisi ina vumbi. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, na hakukuwa na vumbi lolote Same nzima.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Tuelewane, tunakushukuru, Mzee Rogath. Tunakushukuru kwa kamba, kwa swali la mchanga, kwa subira yako na watu waliokutukana leo na kukuletea ndizi kesho. Ulitufundisha kwamba watu wanaweza kuachana bila kuharibiana, na kwamba nyumba ikigawanywa kwa haki, watoto wanaendelea kuwa na pa kurudi. Umetuachia kiti, na hakuna kati yetu aliyethubutu bado kukikalia.

Wageni mtaona kwamba ratiba ya leo ni fupi. Chakula ni saa sita, hotuba ni mbili tu, na mstaafu amepewa dakika tano ambazo zitasimamiwa na mimi mwenyewe. Gari la ofisi litaondoka kwenda Vudee mapema kabla barabara haijaharibika kwa mvua, likiwa na godoro lake, redio yake na suruali zake. Tulimwalika Bi. Dorkas aje akae naye meza kuu. Ametuma ujumbe kwamba anatushukuru, ila hataweza. Ijumaa hiyo kuna mtu anafika kwake na mizigo, na ufunguo anao yeye, sasa akija huku nani atamfungulia?

Mzee Rogath, Mungu akupe uzee wenye afya, mvua za wastani na maharage laini. Nenda salama, na tafadhali usichelewe. Unasubiriwa.